Ngoma ya watu 20, akaunti ya mtu mmoja

MFANYABIASHARA akitajiwa Mvumi, wilayani Chamwino, kwanza hufikiria mtama na karanga. Hata hivyo, nyanda hizo za Ugogo zina bidhaa nyingine isiyohitaji gunia wala ghala, nayo ni muziki. Bidhaa hiyo sasa imeingia sokoni kwa njia ya intaneti, na wenye nayo wanakabiliwa na swali linalojulikana vyema na kila ushirika: fedha zikifika, nani anazishika?

Zamani njia ya muziki wa Kigogo kwenda ng'ambo ilipitia kwenye kampuni. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, alitoa Chibite mwaka 1996 na Assembly mwaka 2002 kupitia Real World ya Uingereza. Alifariki dunia mwaka 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa Maisha kupitia kampuni hiyo hiyo. Katika utaratibu huo kampuni hugharimia kurekodi, kutangaza na kusambaza, kisha hukata sehemu yake.

Msanii wa kujitegemea hana mtu wa kumgharimia. Studio yake ni simu, na idara yake ya matangazo ni kundi la WhatsApp. Msimu wa ngoma hupamba moto baada ya mavuno, na hapo ndipo kijana mwenye simu nzuri anapopata kazi. Akina mama wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, yeye hurekodi. Kipande cha dakika chache hutumwa kwa ndugu walioko Dodoma mjini na Dar es Salaam, nao hukisambaza zaidi. Gharama ya kwanza ni bando, ya pili ni chaji.

Ujirani huo wa simuni una thamani ya kibiashara. Vikundi hupashana habari za sherehe zinazohitaji wachezaji, huonyeshana mitindo, na hukumbushana tarehe za tamasha la muziki wa Kigogo la Chamwino. Tamasha hilo lilianza mwaka 2009, na mwasisi wake ni Dk. Kedmon Mapana, mhadhiri wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Hesabu ya sokoni

Kusikika ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Ili YouTube igawe mapato ya matangazo kwa video za kawaida, akaunti inatakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwenye video hupata asilimia 55 na YouTube hubaki na 45. Malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo, salio likifika dola 10, barua yenye namba ya uthibitisho hutumwa kwa posta, hivyo asiye na sanduku la posta la kuaminika huweza kukwama.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 20 ambacho video zake zimeingiza dola 200 za matangazo. Fungu la kikundi ni dola 110, yaani dola 5.50 kwa kila mtu. Mwenye akaunti asipojaza fomu ya kodi ya Marekani, anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote. Makato hayo yakifanyika, dola 110 zinabaki dola 83.60, na mgawo unashuka hadi dola 4.18.

Duka la Bandcamp la Marekani hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki, mbali na ada ya malipo. Albamu moja ya dola 10 huacha dola 8.50 kabla ya ada hiyo. Kwa Spotify, iliyoanza huduma Tanzania mwaka 2021, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote tangu mwaka 2024.

Kwa hiyo fedha ni ndogo, na kwa sababu hiyo hugombaniwa. Wimbo ni wa watu 20, lakini akaunti ina jina moja, namba moja ya siri na simu moja. Mwenye simu akihama, akiibiwa au akikorofishana na wenzake, mtaji wote wa kikundi huondoka naye.

Sheria na karatasi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatambua haki za waimbaji na wapigaji juu ya maonyesho yao, na inalinda pia sanaa za jadi. Kufungua akaunti hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wa ngoma ya ukoo. Lakini mitandao inamlipa mwenye akaunti, na kikundi kisicho na maandishi hupata shida kudai haki hiyo.

Dawa yake si ngeni kwa wanachama wa VICOBA, ambako sanduku hufungwa kwa kufuli zaidi ya moja na funguo hushikwa na watu tofauti. Kikundi cha ngoma kinaweza kufanya vivyo hivyo: kisajiliwe, kifungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, kiandike mgawo wa kila mwanachama na ujira wa mpiga picha, na namba ya siri ijulikane na viongozi angalau wawili.

Mfanyabiashara anayetaka kuweka fedha katika kamera au kurekodi albamu ana sababu ya kuuliza mambo hayo mapema. Idadi ya watazamaji huonyesha kwamba bidhaa inapendwa. Karatasi ya mgawo ndiyo inayoonyesha kama fedha yake itarudi, na kama mama aliyepiga muheme naye atalipwa.