Muziki na Ushairi katika Neno Moja: Uhulutishaji na Fani za Karatu na Ngorongoro

Uhulutishaji ni mbinu ya kuunda neno kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili au zaidi. Mfano uliozoeleka ni *chajio*, lililotokana na *chakula cha jioni*. Kwa mbinu hiyo, *muziki* na *ushairi* yangeweza kuzaa umbo kama *muzishairi*. Makala haya yanaeleza kwa nini hulutisho la namna hiyo halitoshi kutajia fani za Karatu na Ngorongoro.

Kwanza ni asili. *Shairi* ni neno la asili ya Kiarabu. *Muziki* lina chimbuko la mbali katika *mousikē* la Kiyunani, lililojumuisha sauti, maneno na uchezaji. Kuyahulutisha, basi, ni kuunga upya kilichokwisha kutengwa.

Pili ni sarufi. Kiini cha *chajio* ni *chakula*, nacho hutangulia. Ndiyo maana husemwa *chajio hiki*. Kwa mantiki hiyo, *muzishairi huu* ungekuwa aina ya muziki, ilhali *shaimuziki hili* lingekuwa aina ya shairi. Upande mmoja hutawala, mwingine hufafanua tu.

Tatu ni fani zenyewe. Kwa Wamaasai wa Ngorongoro, *osinkolio* hutaja wimbo pamoja na uchezaji wake: *olaranyani* huongoza, kundi humwitikia kwa sauti zinazopishana, bila ngoma. Kwa Wairaqw wa Karatu, *slufay* ni maneno ya baraka yanayoghaniwa na mzee, hadhira ikiitikia. Katika fani zote mbili hakuna viwili vya kuunganishwa.

Suala hili si la istilahi pekee. Mtafiti anayeiita *slufay* wimbo ataelekea kurekodi mahadhi na kupuuza maneno. Anayeiita shairi ataandika mishororo na kuacha kiitikio, hivyo hadhira itatoweka katika maandishi.

Kiswahili tayari kina kitenzi *ghani*, kinachosimama kati ya kusema na kuimba. Mulokozi (1989) aliainisha maghani kando ya nyimbo, yote chini ya ushairi. Kwa hiyo *slufay* yaweza kuainishwa kama maghani na *osinkolio* kama wimbo wa kuchezwa, mradi jina la wenyeji litangulie katika kila rekodi, na uainishaji wetu ufuate.