Mbwa Amezaa: Tuwatunzeje Watoto Wake?



Mwaka jana mbwa wetu wa nyumbani alizaa watoto 6 nyuma ya kihenge cha mtama. Wanetu walifurahi mno. Kila mmoja alijichagulia wake na kumpa jina. Sisi wakubwa tulisema, "Haya, walinzi wamepatikana." Basi, hatukufikiri zaidi ya hapo. Leo tunataka kuwaeleza tuliyojifunza, pamoja na kosa tulilofanya.

Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, yaani wiki 9. Watoto wake huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14. Katika siku hizo za kwanza adui yao mkubwa ni baridi. Mtoto mchanga wa mbwa hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hujibana kwa mama yake na kwa wenzake. Kwa hiyo mtandikie mama gunia kuukuu au majani makavu, mahali pasiponyeshewa mvua. Gunia likilowa, lianike juani, uweke jingine. Viroboto nao usiwadharau. Wakiwa wengi humnyonya damu mtoto mchanga mpaka akafa.

Mama anayenyonyesha anataka chakula kingi kuliko siku zote, na maji. Watu wengine humpa makombo yale yale, kisha wanashangaa watoto wanakonda! Watoto wakifika wiki 3 au 4, waanzishie uji mwepesi uliotiwa dagaa waliotwangwa. Majirani watakuja mapema kuomba madume. Mwambie jirani asubiri mpaka wiki 8. Na majike je? Wapo wanaowatupa porini. Wengi hufa kwa njaa. Anayepona huwa mbwa koko, asiye na mwenyewe wala chanjo, na usiku hurudi kijijini.

Jambo jingine ni minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo, wameipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hutoka na mavi, nao watoto wetu hucheza hapo hapo uani, halafu wanakula bila kunawa. Fukia mavi hayo. Muulize bwana mifugo dawa ya minyoo mapema, watoto wa mbwa wakiwa na wiki 2, maana dawa hiyo hurudiwa mara kadhaa.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Bwana mifugo alitangaza siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tulimfunga mama kamba tukampeleka. Watoto walikuwa na miezi 2. Tukawaacha nyumbani. Tulisema, "Hawa bado wadogo, sindano itawaua. Watachanjwa mwakani."

Siku chache baadaye mbwa koko aliingia uani usiku, akapigana na mbwa wetu. Tulimfukuza, tukalala. Wiki kadhaa zikapita. Mtoto mmoja wa mbwa akaacha kula. Sauti ikamkauka, mate yakamtoka, taya la chini likalegea. Mwanetu wa miaka 9 alidhani mfupa umemkwama kooni. Akatia mkono autoe. Akaumwa kidole.

Tunashukuru kwamba mama yake alikuwa amesikia la kufanya. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Mtoto alilia, lakini mama hakuacha. Asubuhi hiyo hiyo tukaenda zahanati. Chanjo haikuwepo, tukatumwa hospitali ya wilaya. Tuliuza mbuzi kwa ajili ya nauli, maana sindano si moja, na kila moja ina siku yake. Mtoto wa mbwa alikufa siku ya tatu. Mwanetu ni mzima, yuko shuleni.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate. Huingia kwa kung'atwa, au mate yakigusa kidonda. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara hufa. Lakini akichanjwa upesi, kabla ya dalili, huokoka. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Ufaransa mtoto aliyeng'atwa na mbwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na katika kila 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Si ajabu. Nani huchezea watoto wa mbwa?

Tulimwuliza bwana mifugo: je, kweli sindano ingewaua? Akasema hapana. Siku ya chanjo waletwe mbwa wote, hata wachanga, hata wanaobebwa mikononi, kisha wachanjwe tena katika chanjo inayofuata. Akachukua chaki akatuonyesha hesabu. Ili ugonjwa usienee, yafaa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Tuchukue mfano wa kijiji chenye mbwa 100, na 35 kati yao ni wadogo. Tukiwaacha wadogo nyumbani, wanabaki 65. Hata tukiwachanja hao 65 wote, bila kumkosa mmoja, 70 haifiki.

Mwaka huu mbwa wetu amezaa tena, watoto 4. Siku ya chanjo tuliwatia katika tenga, wanetu wakalibeba wawili wawili kwa zamu. Watu njiani walitucheka kidogo. Kadi zao 4 tumezitunza pamoja na kadi za kliniki za watoto, ndani ya mfuko wa nailoni, zisilowe.