Anakufikirisha au Anajionyesha?

Unamjua huyu mtu. Mkikaa watu wanne tu, keshaanza: "Kwani nani alikwambia ndoa ni lazima?" Mara Nietzsche, mara Freud, anacheka peke yake. Ukinyamaza, anakwambia wewe hupendi kufikiri.

Jamani, tusidanganyane. Kumshtua mtu ni rahisi, kumfikirisha ni kazi.

Mimi napenda watu wanaonibishia, na mume wangu ni mmoja wao. Ila tofauti ipo. Mjuaji anauliza swali ambalo jibu lake analo mfukoni, anasubiri tu uteleze. Anayekufikirisha kweli anauliza kwa kuwa anataka kujua, na jibu lako linaweza kumgeuza hata yeye.

Mwaka 2002, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani jinsi vitu vya kawaida, kama zipu na choo cha kuvuta maji, vinavyofanya kazi. Watu wakajipa alama nzuri. Walipotakiwa kueleza hatua kwa hatua, wakajishusha wenyewe, bila kuzomewa na mtu. Mwaka 2013 Philip Fernbach na wenzake wakajaribu kwenye sera za siasa. Walioeleza sera ingefanyaje kazi walilegeza msimamo. Waliotaja tu sababu za kuiunga mkono au kuipinga walibaki palepale.

Sasa leta hilo nyumbani. Mwenzako anasema kila mtu atumie mshahara wake anavyotaka. Usimpe hotuba. Mwulize taratibu: "Sawa, mwezi wa kwanza itakuwaje? Kodi ya nyumba analipa nani? Mama akiugua ghafla je?" Halafu mwache afikiri. Na akiwa na majibu mazuri, yapokee!

Mpenzi anayeumbuliwa kila siku mbele za watu hapati fikra mpya. Anachojifunza ni kukuficha anayoyawaza. Ataitikia "sawa mpenzi" kwa kila kitu, na wewe utadhani mnaelewana, kumbe siku nyingi unaishi na mtu usiyemjua.

Kwa hiyo kabla hujamtupia mtu swali lako kali, jiulize moja: akinijibu vizuri, niko tayari kubadilika? Kama haupo tayari, ndugu yangu, hilo siyo swali. Unatafuta makofi tu.