Kwa Nini Ufundi wa Mwanzi Unafifia Kibera na Kawangware

Mteja anayetafuta kiti cha mwanzi kilichosukwa na kupakwa laka ipasavyo katika karakana za Kawangware, Nairobi, huenda akaonyeshwa kitu kingine: fremu ya chuma iliyosukwa kwa utepe wa plastiki, au sofa ya mbao laini na sponji. Hali Kibera haina tofauti kubwa. Maelezo ya haraka ni kwamba watu wamebadilika na wanataka vitu vya kisasa. Maelezo hayo hayatoshi. Kiti cha mwanzi chahitaji mambo manne: mwanzi uliokomaa, mkono wa kusuka, mkono wa kupaka, na mahali pa kukianika mbele ya wapita njia. Katika miongo minne iliyopita fundi mdogo amebanwa katika yote manne, na mara nyingi aliyembana ni serikali.

Tuanze na mwanzi wenyewe. Aina ya asili inayomea nchini ni mwanzi wa nyanda za juu, unaopatikana Aberdare, Mlima Kenya, Mau, Cherangani na Elgon. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria takriban hekta 133,000 Kenya, ilhali Ethiopia ina karibu milioni 1.5. Hizo si chache, na Kinale, penye mwanzi, hapafiki kilomita 70 kutoka Nairobi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa imo katika misitu ya serikali, na katika miaka ya 1980 uvunaji humo ulipigwa marufuku. Sheria ya Misitu ya 2005, na iliyoirithi ya 2016, ilifungua mlango kidogo kupitia vyama vya jamii zinazopakana na msitu. Fundi wa Gatina huko Kawangware au wa Makina huko Kibera hapakani na msitu wowote. Kisha mwezi wa Februari 2018 ikaja marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, iliyodumu zaidi ya miaka mitano.

Anayefungiwa mlango wa mbele hununua kwa dalali. Dalali hana sababu ya kungoja mwanzi ukomae, na mwanzi huhitaji miaka mitatu hadi mitano kabla ya kufaa kazi. Ule mchanga una maji na wanga mwingi: ukikauka hupasuka, na wanga huo ndio chakula cha fukusi. Dawa yake inajulikana, kuulowesha katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, lakini hiyo yataka pipa kubwa, nafasi na siku kadhaa za kusubiri. Fundi anayelipa kodi ya kibanda kila mwezi huruka hatua hiyo. Baada ya mwaka kiti kinamwaga unga sebuleni, na mwenye nyumba anawaambia majirani kwamba samani za mwanzi hazidumu. Sifa mbaya ya ufundi huu ilianza hapo, kwenye malighafi, kabla ya ladha ya mteja kuguswa.

Upakaji nao una masharti yake. Ganda la nje la mwanzi ni gumu na lina nta, hivyo rangi haliishiki mpaka likwanguliwe na kupigwa msasa. Ndipo zije tabaka kadhaa nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Maarifa ya aina hii si mageni kwetu: mafundi wa kukereza wa Siyu na Lamu walipamba miguu ya vitanda kwa lakiri nyekundu na nyeusi. Huko Bagan, Myanmar, mafundi husuka umbo la chombo kwa mwanzi na kulipaka utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka hadi kisuko kisionekane. Anayesuka hapo hujua mpakaji atahitaji nini. Katika mitaa yetu kazi hizo mbili zimetengana. Laka ya kiwandani hunyunyizwa kwa kompresa, na mwenye kompresa anahudumia makabati, milango na vitanda vya kila mtu. Kiti cha mwanzi kinapata mkupuo mmoja kando ya barabara yenye vumbi, basi.

Mahali pa kuuzia pamepungua pia. Samani za jua kali huuzwa kwa kuonekana, na upanuzi wa Barabara ya Ngong uliwaondolea mafundi na wachuuzi wengi ukingo waliouzoea. Julai 2018 ubomoaji wa kupisha barabara mpya Kibera uliwang'oa maelfu ya watu pamoja na biashara zao. Barabara zinahitajika, lakini ukingo wa barabara ulikuwa ndilo duka la fundi.

Kuhusu vijana, lawama kwamba hawana subira ni za uonevu. Kujifunza kupasua mwanzi kuwa kanda zenye unene sawa huchukua miezi, mara nyingi bila malipo. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na bodaboda ikawa kazi inayoleta pesa siku ya kwanza. Kijana alihesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Hata hivyo, kusuka kwenyewe hakujafa Kibera. Wanubi, ambao askari wao walianza kukaa huko mwaka 1904, bado wanasuka tabaga, yaani sinia na vifuniko vya chakula vya rangi kali. Tabaga imedumu kwa sababu ina kazi nyumbani kwa anayeisuka. Mwanzi hauna kimbilio hilo. Unategemea soko, na soko hutegemea sera.

Sera iliyopo inatazama kwingine. Mwaka 2020 mwanzi ulitambuliwa rasmi kuwa zao la kilimo, na wakulima wakahimizwa kupanda aina nene za Asia. Ni hatua njema kwa nguzo, mbao za kubandika na makaa, lakini haimhusu sana anayesuka. Kinyume chake, Japani ilipitisha sheria ya kukuza ufundi wa jadi mwaka 1974, na mwaka 2015 serikali yake ikaagiza majengo ya urithi yakarabatiwe kwa laka ya nchini humo. Iligundua kwamba kumsifu fundi bila kununua kazi yake ni bure.

Kenya ingeweza kuanza na machache. Shirika la Huduma za Misitu litoe vibali vya kiasi kidogo cha mwanzi uliokomaa kwa vikundi vya mafundi vilivyosajiliwa mjini. Kaunti ya Nairobi itenge eneo la maonyesho na pipa la pamoja la kutibu mwanzi Kawangware na Kibera. Ofisi za umma ziagize sehemu ya samani zake huko. Yasipofanyika haya, mafunzo na vyeti vitaendelea kutolewa kwa watu wasio na mwanzi wa kusuka, na miaka michache ijayo hatutakuwa na fundi wa kuwafunza wengine.