Gemu Zilivyoacha Kupima Nguvu ya Kidole

PlayStation 2 ilipoingia sokoni mwaka 2000, padi yake ilikuwa na vitufe 12 vyenye uwezo wa kupima nguvu ya kubonyeza. Vinne vilikuwa vya mwelekeo, vinne vya kidole gumba cha kulia na vinne vya mabegani, na kila kimoja kilipeleka kwenye mashine namba kati ya 0 na 255. Mwaka 2001 Xbox ya kwanza ilitoka na vitufe sita vya aina hiyo usoni mwa padi. PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, uwezo huo ulikuwa umekwisha katika padi mpya za Sony na za Microsoft pia. Sony iliuza zaidi ya mashine milioni 150 za PlayStation 2. Ni nadra kwa kifaa kilichoenea kiasi hicho kunyang'anywa sehemu ya hisi yake bila mjadala.

Ufundi wenyewe haukuwa mgumu. Chini ya kila kitufe kuna kikombe cha mpira chenye kaboni, na chini ya kaboni kuna utepe mwembamba wenye njia za umeme. Kitufe kikiguswa kidogo, ncha tu ya kaboni hufika kwenye utepe. Kikikandamizwa, mpira hutanuka, eneo la mguso huongezeka na ukinzani wa umeme hushuka. Mashine husoma badiliko hilo na kuligeuza namba. Udhaifu upo kwenye malighafi: mpira huchoka, na katika padi za PlayStation 3 kipande cha sifongo kinachobana utepe hunywea kadiri miaka inavyokwenda, mpaka vitufe vinaanza kujibonyeza vyenyewe.

Watunzi wachache waliuchukulia uwezo huu kwa uzito. Katika Gran Turismo 3 ya mwaka 2001, kitufe cha X kilikuwa pedali ya mafuta: kadiri kidole kilivyozama ndivyo gari lilivyochanganya mwendo. Metal Gear Solid 2, ya mwaka huohuo, ilikwenda mbali zaidi. Mchezaji hushika kitufe cha mraba ili kulenga bastola, na akikiachia ghafla, risasi hutoka. Akilegeza kidole polepole, mhusika hushusha silaha bila kufyatua. Kusamehe adui kulihitaji utulivu wa mkono, na kuua kulitokea kwa kuteleza tu. Mwaka 2004 Metal Gear Solid 3 iliweka mpaka kama huo kwenye kitufe cha duara: kukishikilia ni kumkaba adui, kukikandamiza ni kumkata koo.

Sababu ya kwanza ya anguko iko mkononi mwa mchezaji. Kitufe cha kidole gumba hushuka milimita chache tu. Katika safari hiyo fupi mtu anatakiwa kutofautisha nguvu ndogo, ya wastani na kubwa, bila alama yoyote ya kumwonyesha amefika wapi. Anapobanwa na adui, hukandamiza kwa nguvu zote, na ngazi 256 hubaki mbili. Kwa kulijua hilo, watengenezaji wengi waliipa nguvu ya kidole kazi ndogondogo au hawakuipa kazi kabisa. Kitu kisicho na kazi hakina mtetezi siku ya kupunguza gharama.

Sababu ya pili ni ya kibiashara, nayo ndiyo iliyomaliza kazi. Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, vitufe vyake vya usoni vilijua mambo mawili tu: vimebonyezwa au havijabonyezwa. PlayStation 3 iliendelea kupima nguvu, lakini kampuni iliyotaka kuuza gemu moja kwenye mashine zote mbili ililazimika kutunga kwa kile ambacho zote zinacho. Kwenye kompyuta za Windows, mfumo wa Microsoft uitwao XInput uliandika uamuzi huo ndani ya muundo wa data. Kila kitufe kimepewa biti moja. Ni vifyatulio viwili vya mabegani tu vilivyopewa baiti nzima. Padi yenye vitufe vinavyopima nguvu inaweza kuunganishwa, lakini katika mfumo huo namba zake hazina pa kukaa. Tangu hapo, anayetengeneza padi hana sababu ya kupima, kwa kuwa hakuna gemu itakayouliza, na anayetunga gemu hana sababu ya kuuliza, kwa kuwa hakuna padi itakayojibu.

Simu zilipitia njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Mwaka 2015 Apple ilitoa iPhone 6s yenye 3D Touch: vihisi nyuma ya kioo vilivyopima jinsi kioo kinavyopinda chini ya kidole. Gemu ya Freeblade ilionyeshwa jukwaani siku ya uzinduzi ikitumia uwezo huo. Lakini iPad haikuupata kamwe, na wamiliki wa simu za zamani hawakuwa nao, kwa hiyo watunzi wengi hawakuthubutu kuufanya wa lazima. iPhone XR ya mwaka 2018 ilikuja bila vihisi hivyo, na kufikia 2019 simu zote mpya za kampuni hiyo zilikuwa zimeviacha. Mbadala wake, Haptic Touch, hupima muda ambao kidole kimekaa.

Kuweka muda mahali pa nguvu si ukarabati mdogo. Nguvu inaweza kupanda na kushuka wakati wowote. Muda husonga mbele tu. Anayecheza gemu za mpira anaijua pau ya nguvu ya shuti: ikishajaa kupita kiasi, hairudi nyuma. Kitendo cha kulegeza, ambacho Metal Gear Solid 2 ilikijengea uamuzi wa kuua au kuacha, hakina tafsiri katika mfumo wa muda. Mwaka 2011 gemu hiyo ilipotolewa upya kwa Xbox 360, kushusha silaha kulilazimika kutafutiwa amri nyingine.

Hata vifyatulio, ambavyo hupima kina cha kitufe badala ya nguvu, haviko salama. Katika Super Mario Sunshine ya GameCube, ya mwaka 2002, kina cha kifyatulio kiliamua wingi wa maji yanayorushwa, na kukibonyeza hadi mwisho kulimsimamisha Mario ili alenge. Nintendo Switch haina vifyatulio vya aina hiyo. Toleo la mwaka 2020 liligawa kazi hiyo kwa vitufe viwili, na ngazi za katikati zikapotea. PCSX2, programu inayoiga PlayStation 2 kwenye kompyuta, hutumia kitufe cha ziada kinachopunguza nguvu hadi kiwango kilichopangwa awali. Hilo humfikisha mchezaji mwisho wa gemu, lakini maamuzi yaliyokuwa ya mkono yamegeuka kuwa ya mipangilio.

Linalotia hofu zaidi ni kwamba mifumo hailalamiki. Android bado ina amri ya kuuliza nguvu ya mguso, na simu nyingi hujibu 1 kila mara au hukisia kutokana na upana wa ncha ya kidole. Kanuni za vivinjari ziitwazo Pointer Events zinaagiza kwamba kifaa kisichoweza kupima nguvu kitoe 0.5 wakati wa mguso. Jibu linapatikana, programu haikwami, na hakuna hitilafu inayoandikwa popote.

Kwa hiyo padi za zamani ndizo zinazobeba mzigo wote wa kuhifadhi uwezo huo, nazo zimetengenezwa kwa mpira na sifongo. Kunakili diski ni kazi inayowezekana na inafanyika. Lakini padi mpya za PlayStation na Xbox hazizibi pengo la vitufe vinavyopima nguvu. Video za uchezaji nazo hazirekodi nguvu ya kidole. Atakayezitazama baadaye ataona silaha ikishushwa, lakini hatapata popote katika picha ushahidi kwamba kilichoishusha ni kidole kilicholegezwa polepole.