Lengo Lisilopimika: Funzo kwa Mwalimu kutoka Uhandisi wa Programu za Kompyuta

Mwanachuo anapokwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza, aghalabu huandika katika andalio lake la somo: "Mwanafunzi aelewe kuzidisha." Sisi wakufunzi humrudishia andalio hilo na kumtaka aliandike upya. Wanachuo wengine hunung'unika kwamba tunawasumbua kwa ajili ya neno moja tu. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha uzito wa neno hilo, na mfano wetu tutautoa katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta.

Mahitaji ni nini?

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata bila kuuliza swali. Kabla ya kuyaandika, hapana budi watu wakubaliane: programu itafanya nini, itamfanyia nani, na katika hali gani? Mapatano hayo yakisha kuandikwa huitwa mahitaji. Taaluma ya kuyatafuta, kuyaandika na kuyakagua huitwa uhandisi wa mahitaji, na tangu mwaka 1993 wataalamu wake wamekuwa wakikutana katika mikutano ya kimataifa. Kama lengo mahsusi lilivyo kwa somo, ndivyo mahitaji yalivyo kwa programu.

Roketi iliyotii maagizo

Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Baada ya sekunde 40 hivi iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka pamoja na setilaiti 4 za utafiti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilieleza chanzo chake. Mtambo wa kupima mwendo ulitumia programu iliyorithiwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4. Programu hiyo iliweka namba fulani, iliyotegemea kasi ya roketi ya kwenda kwa mlalo, katika nafasi isiyoweza kuchukua zaidi ya 32,767. Katika Ariane 4 nafasi hiyo ilitosha. Ariane 5 ilipata kasi ya mlalo iliyo kubwa zaidi. Namba ikazidi, na mtambo ukajizima. Mtambo wa akiba, uliokuwa na programu ileile, ulikuwa umejizima vilevile.

Tuangalie kwa makini: mtambo haukuasi. Ulifanya kama ulivyoagizwa. Bali mahitaji yake hayakutaja njia ambayo Ariane 5 ingepita, na kwa hiyo haukujaribiwa katika hali hiyo.

Mwalimu anayenakili andalio la mwaka jana kwa ajili ya darasa la mwaka huu yumo katika hatari iyo hiyo. Huenda andalio lenyewe halina kosa. Kosa ni kudhani kwamba watoto hawa nao wanajua kujumlisha kwa kurudiarudia kama wale waliowatangulia.

Utafiti unatufundisha nini?

Kwanza, maneno hutoa harufu. Henning Femmer na wenzake huko Ujerumani walieleza mwaka 2017 namna kompyuta inavyoweza kusoma mahitaji na kuonyesha maneno yenye mashaka, kama vile "haraka" au "rahisi kutumia", na viwakilishi visivyojulikana vinasimama badala ya nini. Harufu si ushahidi wa kosa, bali ni dalili inayomtaka msomaji asimame na kuchunguza.

Pili, muundo wa sentensi husaidia fikra. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce walipendekeza miundo michache ya kuandikia mahitaji. Mmojawapo huanza hivi: "Iwapo hitilafu fulani itatokea, basi mtambo utafanya hivi." Muundo huo humlazimisha mwandishi afikirie mambo yanapokwenda kombo.

Tatu, yasiyosemwa hudhuru. Katika uchunguzi uliohusu kampuni 228 za nchi 10, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2017, tatizo lililotajwa sana ni mahitaji yasiyokamilika au yaliyofichika.

Nne, baadhi ya watafiti wa siku hizi wanasisitiza kwamba ubora wa mahitaji haupimwi kwa uzuri wa maandishi peke yake. Hupimwa kwa kumtazama yule atakayeyatumia: je, yanamwezesha kufanya kazi yake?

Matumizi darasani

Sasa tulirudie lile lengo la mwanzo. Lingeweza kuandikwa hivi: "Akipewa maswali 5 ya kuzidisha namba za tarakimu moja, mwanafunzi aweze kufanya 4 kwa usahihi bila kutazama jedwali." Kisha tuongeze: "Iwapo nusu ya darasa itashindwa swali la kwanza, basi mwalimu atarudia kwa kutumia mafungu ya vijiti." Lengo la kwanza linapimika, agizo la pili linamwandaa mwalimu kwa ajili ya siku mbaya.

Tunapendekeza wanachuo wafanye zoezi lifuatalo wakiwa wawili wawili:

(a) Kila mmoja apigie mstari katika andalio la mwenzake kila neno lisilopimika.

(b) Aorodheshe mambo ambayo andalio linadhani watoto wanayajua tayari, kisha aeleze jinsi ya kuyahakikisha kabla ya somo.

(c) Afundishe somo hilo kwa kufuata andalio la mwenzake, bila kumwuliza neno. Pale atakapokwama ndipo penye upungufu.

Ariane 5 ilipolipuka watu wote waliona, na tume ikaundwa. Mtoto wa Darasa la Tatu asipoelewa, hakuna kishindo kinachosikika. Hunyamaza, hunakili jibu la jirani yake, na mwaka ujao huingia darasa jingine na pengo lilelile. Mwenye wajibu wa kuligundua mapema ni mwalimu, na hawezi kuligundua kama hakuandika tangu mwanzo alichokuwa akikitafuta.