Ufunguo Usiorudishwa

Askari anapohamishwa hukabidhi bunduki na funguo za ghala, akatia sahihi. Je, akaunti yake ya kompyuta humkabidhi nani?

Mnamo Aprili 2021, wahalifu waliingia katika kompyuta za kampuni ya Marekani, Colonial Pipeline, kwa akaunti ya zamani isiyotumika tena, lakini ambayo haikuwa imefungwa. Neno moja la siri lilitosha. Hapakuwa na uthibitisho wa pili. Bomba la mafuta la kilomita zipatazo 8,850 lilisimamishwa takriban siku 5, vituo vingi vya petroli vikakauka, na wahalifu wakalipwa dola milioni 4.4.

Mafundi wa kompyuta ndio wabebao mzigo huu: kumfungulia aajiriwaye, kumpunguzia ruhusa abadilishwaye kazi, kumfungia astaafuye. Lakini fundi atamfungiaje mtu ambaye hakuarifiwa kuwa ameondoka? Wajibu huo ni wa mkuu wa idara, na taarifa itolewe siku ile ile.

Basi, ndugu wasomaji, katika kila hati ya makabidhiano uongezwe mstari mmoja: akaunti imefungwa, tarehe, na sahihi ya fundi.